Jinsi ya Kuitumia Benki Ili Uwe Msambazaji wa Kampuni Kubwa: Mwongozo Kamili

Wafanyabiashara wadogo wengi huenda benki wakiwa tayari na oda ya kampuni kubwa mkononi, na hurudi mikono mitupu. Oda ni halali, bidhaa ni nzuri, mnunuzi anafahamika. Lakini tarehe ya kukabidhi mzigo imekaribia, na benki inahitaji wiki kadhaa kuchambua maombi ya mtu isiyemjua. Oda inapotea, na jina la biashara linachafuka kwa mnunuzi ambaye ilichukua muda mrefu kumpata.

Tatizo linaloua oda nyingi ni mpangilio: benki inafuatwa mwisho, wakati ilipaswa kufuatwa kabla hata bei haijapelekwa kwa mnunuzi. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa utaratibu huo. Ukiziruka, utalazimika kuzirudia ukiwa na haraka, na haraka ndiyo ghali kuliko riba.

## Vitu vya kuwa navyo

- Usajili wa biashara, namba ya mlipakodi na uthibitisho kwamba hali yako ya kodi ni safi.
- Akaunti ya benki kwa jina la biashara, yenye miamala ya miezi 6 au zaidi. Miezi 12 inakupa nguvu zaidi.
- Hesabu za biashara: mapato na matumizi, mizania, na orodha ya unaowadai na wanaokudai.
- Mchanganuo wa gharama za bidhaa moja, kuanzia malighafi hadi usafiri.
- Ankara kifani (ankara ya makadirio inayotolewa kabla ya kununua) kutoka kwa wanaokuuzia malighafi, ili benki ione bei halisi.
- Ushahidi wa kazi ulizokwisha kufanya: oda za zamani, hati za kupokelea mzigo, barua za wateja.
- Bima ya mali na ya shughuli zako, kwa kiwango mnunuzi anachodai.

Kama bado hujakamilisha orodha hii, hatua ya kwanza unaweza kuianza leo. Inataka kalamu na ukweli tu.

## Hatua ya 1: Chora kalenda ya pesa

Watu huangalia faida ya oda na kusahau muda. Oda yenye faida nzuri inaweza kukufilisi kwa sababu pesa inatoka leo na kurudi baada ya miezi.

Tuseme oda ni ya 100,000 kwa sarafu yako. Malighafi, vibarua na usafiri vinakula 75,000, na yote inatoka mwanzoni. Kutengeneza kunachukua siku 30, kukabidhi na kukaguliwa siku 10, kisha mnunuzi analipa siku 60 baada ya kuikubali ankara. Pesa yako imekaa nje siku 100.

Kwa oda moja, unaweza kujikongoja. Sasa mnunuzi amefurahi na anataka mzigo kama huo kila mwezi. Unatoa 75,000 siku ya kwanza, 75,000 nyingine siku ya 30, nyingine siku ya 60, nyingine siku ya 90. Kabla ya malipo ya kwanza kuingia umeshatoa 300,000, mara tatu ya thamani ya oda yenyewe. Hapa ndipo biashara nyingi zinapoanguka, na zinaanguka zikiwa na oda nyingi na sifa nzuri.

Weka na gharama ya mkopo. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, 75,000 kwa siku 100 inakugharimu takriban 3,700. Mnunuzi akichelewa siku 30 zaidi, ongeza kama 1,100. Gharama hizi ziingie kwenye bei unayompa mnunuzi. Ukishasaini bei iliyozisahau, unazilipa kutoka kwenye faida yako.

Tahadhari: usitumie siku zilizoandikwa kwenye mkataba peke yake. Waulize wasambazaji wengine wa kampuni hiyo wanalipwa baada ya siku ngapi kwa kweli, kisha tumia namba hiyo.

Umefaulu ukiwa na: karatasi moja inayoonyesha, wiki kwa wiki, pesa inayotoka, inayoingia, na kiwango cha juu kabisa cha upungufu wako. Kiwango hicho ndicho unachokwenda kuzungumza na benki.

## Hatua ya 2: Zungumza na benki kabla ya kupeleka bei

Anza na kuulizia mnunuzi anatumia benki gani. Benki hiyo inaona jinsi anavyolipa madeni yake, kwa hiyo hofu yake kuhusu malipo ni ndogo. Pia ina sababu ya kibiashara ya kukuhitaji: inataka kumridhisha mteja wake mkubwa na kuwapata wasambazaji wake kama wateja wapya.

Usiishie kaunta. Omba kuonana na ofisa wa biashara ndogo na za kati, au dawati linaloshughulikia ufadhili wa biashara. Ofisa wa mikopo ya kawaida ataulizia hati ya nyumba. Anayejua ufadhili wa oda atauliza maswali mawili tofauti: je, utaweza kukabidhi mzigo, na je, mnunuzi atalipa? Jiandae kujibu hayo.

Nawe uliza haya:

- Mna mpango maalumu kwa wasambazaji wa kampuni hii, au wa kampuni nyingine kubwa?
- Mnafadhili oda, ankara, au zote mbili? Kwa asilimia ngapi?
- Kuanzia faili likamilike hadi pesa itoke, ni siku ngapi?
- Kuna mfuko wa udhamini wa mikopo mnaoshirikiana nao, kwa mtu mwenye dhamana pungufu?
- Mnaweza kuniandikia barua ya uwezo wa kifedha ya kuambatisha kwenye zabuni?
- Mna mafunzo, au vikao vya kuwakutanisha wasambazaji na wanunuzi?

Kuhusu mfuko wa udhamini, elewa vizuri: unaikinga benki dhidi ya sehemu ya hasara. Haukufutii deni. Ukishindwa kulipa, bado unadaiwa.

Tahadhari: neno la mdomo la ofisa si idhini. Uamuzi hutoka kwa kamati ya mikopo, na ofisa mkarimu anaweza kukuahidi kitu kisicho mikononi mwake.

Umefaulu ukiwa na: orodha ya nyaraka kwa maandishi, jina la mtu atakayeshika faili lako, na makadirio ya kiwango unachoweza kupata.

## Hatua ya 3: Pitisha mauzo yote kwenye akaunti

Benki haiwezi kukopesha mauzo isiyoyaona. Kama nusu ya pesa yako inabaki mfukoni, kwa benki biashara yako ni nusu ya ilivyo. Ingiza mauzo kwanza, kisha toa matumizi. Tenganisha pesa ya nyumbani na ya biashara, ujilipe mshahara unaojulikana.

Miezi sita ya nidhamu hii ina uzito kuliko mpango wa biashara ulioandikwa kwa lugha ya kuvutia.

## Hatua ya 4: Ziba mapengo ya sifa

Omba kampuni ikupe masharti ya kusajiliwa kuwa msambazaji, kisha ujipime nayo kipengele kwa kipengele. Nyingi hutaka mfumo wa ubora kama ISO 9001. Kwa vyakula, hutaka utaratibu wa HACCP wa kudhibiti hatari za usalama wa chakula. Baadhi hutuma wakaguzi kiwandani kwako.

Mapengo haya yanagharimu pesa, na benki inaweza kusaidia kwa mkopo wa muda wa kati au kwa ukodishaji wa mashine, ambapo benki au kampuni tanzu yake inanunua mashine, wewe unaitumia na kuilipia kidogo kidogo. Kwa kawaida mashine yenyewe ndiyo dhamana, jambo linalomfaa asiye na kiwanja wala nyumba.

Kanuni moja usiivunje: kitu cha kudumu kinunuliwe kwa mkopo wa muda mrefu, malighafi kwa mkopo wa muda mfupi. Anayenunua mashine kwa overdrafti, yaani ruhusa ya kutoa pesa kuzidi salio la akaunti, anajinyima pesa ya malighafi siku oda itakapokuja, na overdrafti benki inaweza kuidai irudishwe wakati wowote.

Tahadhari: usinunue mashine kwa tumaini la oda moja. Jiulize kama mashine hiyo italipika hata mnunuzi huyu asipokuja.

## Hatua ya 5: Jua dhamana ambazo benki inatoa kwa niaba yako

Kuna dhamana unayoipa benki, na kuna dhamana ambayo benki inampa mnunuzi kwa ajili yako. Hii ya pili ndiyo inayofungua milango ya zabuni kubwa. Zipo tatu za kufahamu.

Dhamana ya zabuni inamhakikishia mnunuzi kwamba ukishinda hutakimbia. Mara nyingi ni asilimia chache ya thamani ya zabuni.

Dhamana ya utekelezaji inamlinda usipomaliza kazi. Asilimia 5 hadi 10 ya mkataba ni kiwango cha kawaida.

Dhamana ya malipo ya awali inamwezesha mnunuzi kukutangulizia pesa bila hofu. Wasambazaji wengi wadogo hawaijui hii, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuulizwa kwanza. Mnunuzi akikutangulizia asilimia 30, upungufu wako unapungua sana, na pesa hiyo haina riba. Unalipa ada ya dhamana tu.

Sasa sehemu inayoumiza. Dhamana nyingi za aina hii hulipwa kwa dai la kwanza: mnunuzi akidai kwa kufuata maneno ya dhamana, benki inalipa bila kuingia kwenye ugomvi wenu, kisha inakugeukia wewe. Zile zinazofuata kanuni za dhamana ziitwazo URDG 758 za Chama cha Biashara cha Kimataifa, zilizoanza kutumika Julai 2010, huenda hivyo. Kwa hiyo soma kila neno la masharti ya kudai.

Benki pia inaweza kutaka uweke fedha taslimu kama sehemu ya dhamana hiyo. Fedha hizo zimefungwa hadi dhamana iishe, hivyo ziingize kwenye kalenda ya Hatua ya 1.

Umefaulu ukiwa na: dhamana yenye tarehe ya mwisho iliyo wazi, na kumbukumbu ya kuifuatilia irudishwe au ifutwe kazi inapokwisha. Dhamana iliyosahaulika huendelea kukutoza ada na kula kikomo chako, yaani kiwango cha juu ambacho benki iko tayari kukubebea.

## Hatua ya 6: Mpe benki rasimu ya mkataba kabla hujasaini

Ukiwa na nafasi ya kufuata hatua moja tu, fuata hii. Mkataba ukishasainiwa, benki inaweza kukataa kuufadhili kwa sababu ya sentensi ambayo mnunuzi angekubali kuiondoa ungemwomba mapema.

Angalia mambo haya pamoja na ofisa wako, na mwanasheria kama unaweza:

Siku za malipo zinahesabiwa kuanzia lini? Kukabidhi mzigo, kupokelewa kwa ankara na kukubaliwa kwa ankara ni tarehe tatu tofauti. Ankara ikikaa mezani wiki tatu kabla ya kukubaliwa, siku 60 zimekuwa 81.

Je, mkataba unakataza kuhamisha haki ya malipo? Kampuni nyingi huweka kipengele hiki kwa mazoea. Kikiwapo, benki inaweza kushindwa kuichukua ankara yako. Omba kiandikwe hivi: msambazaji anaweza kuihamishia benki haki ya kupokea malipo, kwa taarifa ya maandishi.

Je, mnunuzi atakubali kulipa kwenye akaunti moja isiyobadilishwa bila ridhaa ya benki? Barua fupi ya mnunuzi yenye ahadi hiyo inaweza kuipa benki imani kubwa kuliko kiwanja kilicho mbali.

Je, mnunuzi anaweza kukata pesa? Faini za kuchelewa, marejesho na punguzo hupunguza thamani ya ankara baada ya benki kukukopesha. Dai ziwe na kikomo.

Je, kuna oda kweli? Mkataba wa jumla wa ugavi huweka bei na masharti, lakini mara nyingi haumlazimishi mnunuzi kununua hata kimoja. Benki hufadhili oda yenye kiasi, bei na tarehe.

Usiogope kuomba mabadiliko. Ofisa ununuzi mzoefu huheshimu msambazaji anayejua pesa yake itatoka wapi, kwa sababu hataki mzigo ukwame katikati.

## Hatua ya 7: Chukua ufadhili wa oda

Oda imefika. Kabla ya yote, ithibitishe. Piga simu kwenye namba rasmi ya kampuni uliyoitafuta mwenyewe, usitumie iliyochapwa kwenye karatasi ya oda. Oda za kughushi hutumia jina la kampuni kubwa hasa kwa sababu jina hilo linamlegeza mtu.

Kisha peleka oda, ankara kifani na kalenda yako. Benki ikikubali, mara nyingi itawalipa wauzaji wa malighafi moja kwa moja badala ya kukupa pesa mkononi. Wengine huona hili ni dharau. Ukweli ni kwamba linakulinda pia: pesa ya oda haiwezi kupotelea kwenye deni la zamani au ada ya shule.

Benki huchangia sehemu, wewe unamalizia. Panga mapema vibarua na usafiri utavilipa na nini, maana mara nyingi ndivyo vinavyobaki kwako.

Tahadhari: tarehe ya mkopo kuiva iwe baada ya tarehe halisi ya malipo ya mnunuzi, na nafasi ya wiki mbili au zaidi. Mkopo wa siku 90 kwa oda ya siku 100 ni ucheleweshaji uliopangwa.

## Hatua ya 8: Geuza ankara kuwa pesa

Mhasibu wa kampuni kubwa hulinganisha karatasi tatu: oda, hati ya kupokelea mzigo na ankara. Zikitofautiana kwa namba moja, ankara inawekwa kando na hakuna atakayekupigia kukuambia. Basi hakikisha:

- Namba ya oda imeandikwa kwenye ankara kama ilivyo.
- Kiasi kilichopokelewa, kilichosainiwa na mtu mwenye mamlaka, ndicho unachodai.
- Jina la biashara na akaunti ni vile vile kama kwenye mkataba.
- Ankara imetumwa mahali sahihi, siku ile ile ya kukabidhi, na una uthibitisho wa kupokelewa.

Siku tatu baadaye, ulizia kama imekubaliwa. Ankara iliyokubaliwa ndiyo benki inayoitaka.

Sasa unaweza kuiuza au kuikopea. Kwa ankara ya 100,000, benki ikitanguliza asilimia 80 kwa riba ile ile ya asilimia 18, siku 60 zitakugharimu kama 2,400 pamoja na ada, na kilichobaki unakipata mnunuzi akilipa. Rudi kwenye kalenda: pesa ikiingia siku ya 40 badala ya siku ya 100, kiwango cha juu cha upungufu kinashuka kutoka 300,000 hadi 150,000. Kama malighafi ilinunuliwa kwa mkopo wa oda, benki itakata mkopo huo kwanza kutoka kwenye pesa hii.

Uliza swali moja kwa sauti: mnunuzi asipolipa, nani anabeba hasara? Katika aina moja ya makubaliano, benki inarudi kukudai wewe. Katika nyingine, hasara ni ya benki, na kwa kawaida gharama iko juu. Watu husaini bila kujua wako upande gani.

Ipo pia njia nafuu zaidi, pale mnunuzi mwenyewe anapokuwa ndani ya mpango. Anazithibitisha ankara kwenye mfumo wa benki, na wewe unalipwa mapema kwa gharama inayopimwa kwa uwezo wake, si wako. Benki ya maendeleo ya Meksiko, Nacional Financiera, ilianzisha mpango wa namna hii mwaka 2001: wanunuzi wakubwa wanaweka ankara walizozikubali mtandaoni, na wasambazaji wadogo wanaziuza kwa benki, ambazo haziwarudii wao mnunuzi asipolipa.

Tahadhari: usikubali mpango huo uwe kisingizio cha kurefusha siku za malipo. Kampuni ya Carillion ya Uingereza iliwapa wasambazaji masharti ya hadi siku 120, na aliyetaka pesa mapema aliipata kwa makato kupitia benki. Ilipoanguka Januari 2018, waliokuwa bado wanasubiri malipo waliachwa na ankara mikononi.

## Hatua ya 9: Panua bila kumtegemea mmoja

Benki huogopa biashara ambayo karibu mauzo yake yote yanatoka kwa mteja mmoja, na hofu hiyo ina msingi. Mnunuzi akibadilisha mkurugenzi wa ununuzi tu, unaweza kukosa oda ya mwezi unaofuata huku mashine inadai marejesho.

Tumia rekodi ya mnunuzi wa kwanza kumpata wa pili. Beba hati za kupokelea mzigo zenye tarehe zinazolingana na oda. Kwa ofisa ununuzi mwingine, hizo ni barua ya utambulisho.

Ukishalipwa oda tatu mfululizo na mikopo yake imefungwa kwa wakati, usisubiri benki ikutafute. Andika barua, ambatisha tarehe za kila oda na kila marejesho, kisha omba vitu vitatu: kikomo kikubwa zaidi, fedha taslimu kidogo zaidi ya kufungwa kwenye dhamana, na kikomo kinachojirudisha kila unapolipa ili usifungue faili jipya kwa kila oda. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi, na upeleke rekodi hiyo hiyo kwa benki nyingine wiki hiyo hiyo.